Sare na Mkwe wa Ikutha

Jumatatu, 11 Agosti

Baridi bado. Ukungu umekaa kwenye miparachichi mpaka saa nne asubuhi. Nimechagua maharagwe, nimefua mashati ya Baba Mwende, sasa niko jikoni na ubao wa chesi. Nacheza mimi na mimi. Shule zimefungwa, wanafunzi wangu wa klabu wako kwao, na katika vilima vyote hivi vya Kilungu hakuna mwingine wa kupiga.

Mashindano ni Ijumaa na Jumamosi, Kalamba. Wachezaji wa Makueni na wa Kitui pamoja. Nakitaka kile kikombe. Nakitaka mpaka najionea haya. Nimekuwa wa pili mara nyingi hivi kwamba watu wanaona ndiyo nafasi yangu, kama vile kuna kiti chenye jina langu. Macho yanachoka. Kama si sasa, basi.

Jumamosi ya wiki ijayo ni ntheo ya Mwende. Watu wa Ikutha wataleta mbuzi, watachinjwa hapa nyumbani, na binti yangu atahesabiwa mke wa Mutua. Mutua ana duka la dawa za mifugo. Kijana mtulivu, hana makelele. Ila na yeye anacheza chesi. Mwende alimpata kwenye mashindano ya Kitui, siku aliyokuja kunibebea mkoba. Mimi nikarudi na nafasi ya pili, yeye akarudi na mume.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekutana na Mutua njiani nikitoka kusaga. Alikuwa ameleta chumvi ya ng'ombe wetu. Aliponiona akashuka mtaroni, akasimama humo akitazama migomba mpaka nikapita. Mtaro una matope. Viatu vilikuwa vizuri.

Ndiyo nthoni. Mkwe na mama wa mke hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawaketi meza moja. Neno likihitajika linapitia kwa mtu wa tatu. Tumeokoka, tuna simu, lakini nthoni ni nthoni. Sikuifundishwa darasani na siwezi kuifuta.

Kabla hajaja kumwomba Mwende tuliwahi kucheza mara moja. Alinipiga. Alinipa mkono nikaupokea, nikamtazama vizuri ili siku nyingine nimlipize. Sasa hata viatu vyake navitazama kwa pembeni.

Wakati wa chakula Baba Mwende aliuliza, "Na mkipangwa pamoja?" Nikasema wachezaji ni wengi. Hakuridhika. Alisema mama wa watu hawezi kukodoleana macho na mkwe mbele ya halaiki, tena wiki moja kabla ya ntheo. Nikamwambia kwenye chesi watu hutazama ubao.

"Ee, ubao," akasema. Akaendelea kula.

Ijumaa, 15 Agosti

Kalamba. Jua kali, vumbi. Nalala kwa mwalimu mwenzangu tuliyesoma naye chuo.

Nimeshinda michezo yote ya leo. Kijana mmoja alicheza haraka haraka, nafikiri alidhani mama mwenye kitenge amemsindikiza mtu. Nilimla malkia wake polepole. Nilifurahi kuliko inavyompasa Mkristo.

Mutua naye ameshinda yote isipokuwa sare moja. Chakula cha mchana alikulia nje, chini ya dirisha. Nikiingia ukumbini kwa mlango huu, yeye anatokea kwa ule. Tunashukuru waliojenga ukumbi wa milango miwili.

Nimepiga hesabu. Kesho alasiri hatuna pa kukwepana. Sijampigia Baba Mwende kumwambia.

Jumamosi, 16 Agosti

Kikombe kiko hapa mezani, nyumbani. Niandike kabla sijachanganya.

Raundi ya mwisho. Meza ya kwanza, mimi na Mutua. Mimi nikitoka sare, kikombe changu. Yeye lazima anipige. Mwamuzi, Bwana Kilonzo, Mkamba kama sisi, alisoma majina halafu akasoma tena, akavua miwani. Aliniuliza kando kama nataka kujitoa, hakuna atakayenilaumu. Nilihisi ukumbi wote unangoja mama ajitoe. Nikamwambia nimetoka Kilungu kucheza.

Mutua alikuja akakaa kiubavu, bega kwangu, uso ukutani, kama mtu anayesubiri kinyozi. Sheria inataka wachezaji wapeane mkono. Kilonzo alinipa mkono mimi, kisha akampa yeye mkono ule ule, akasema imetosha, salamu imefika. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Tukaanza. Nilicheza kwa uangalifu, pengine kupita kiasi. Nikapoteza askari mmoja, kisha wa pili. Kete zikaisha mezani mpaka kila mmoja akabaki na mfalme, ngome na askari wachache. Mfalme wangu alikuwa amebanwa kwenye kona. Askari wangu wawili waliobaki walikuwa wamegota, mbele yao kuna askari wake, hawawezi kwenda popote. Na yeye ana askari mmoja wa ziada, huru kabisa, aliyekuwa anatembea kwenda kuwa malkia. Nilijua nimekwisha. Nilimwona akiufikia mstari wa mwisho. Nilikuwa nimeshaanza kuandaa uso wa kushindwa, ule ambao nimeuvaa miaka yote. Angemsukuma yule askari hatua moja tu, ningemlaza mfalme wangu kukubali kushindwa, nikaenda kunywa chai.

Hakumsukuma. Alirudisha ngome nyuma. Nikachezesha yangu. Akaipeleka ngome mbele. Nikarudisha yangu. Akairudisha tena. Saa yake ilikuwa inakimbia, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mambo yale yale yalipotokea mara ya tatu niliinua mkono, nikamwambia Kilonzo nadai sare, kama sheria inavyoruhusu. Kilonzo alikagua karatasi tulizoandikia hatua akasema ni kweli. Mutua akaitikia kwa kichwa, kwa ule ukuta wake, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Makofi. Picha. Kikombe ni chepesi kuliko nilivyodhani. Nilikuwa na furaha mpaka nikafika mlangoni. Hapo mwanamume mmoja, simjui, alimwambia mwenzake bila kuteremsha sauti, "Hiyo sare ndiyo mbuzi wa kwanza wa ntheo." Wakacheka kwa wema, si kwa ubaya. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani walinisimamisha. Mchungaji alisema Mungu hamsahau mtu wake. Nilitabasamu.

Baada ya chakula nilipanga ule mchezo ubaoni kama ulivyokuwa. Niliangalia kwa dakika chache tu. Mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza angeona. Anasukuma askari, askari anakuwa malkia, mimi kwisha. Nilitafuta kosa katika hesabu hiyo. Hakuna.

Mutua ni mchezaji mzuri kuliko mimi. Haiwezekani hakuona.

Basi amenipa. Amenipa kikombe changu kama mtu anayempa mama mkwe kiti. Nimekasirika. Miaka yote hii sikuwahi kumwomba mtu anipe.

Jumatatu, 18 Agosti

Siwezi kumuuliza mwenyewe. Nimemtuma Mwende. Alikataa, kisha akampigia simu akiwa nyuma ya tangi la maji. Nilikaa jikoni nikimenya viazi ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Akarudi. "Anasema hakukuachia, Mama. Anasema ile njia ulikuwa umeifunga."

Nimeifunga na nini? Nilikuwa nimekaa pale kama kuku kwenye kikapu. Hayo ni maneno ya mkwe. Mkwe husema chakula kitamu hata kikiwa kimeungua.

Nimekitoa kikombe kabatini nikakiweka nyuma ya debe la unga.

Jumatano, 20 Agosti

Nilimwambia Baba Mwende nakirudisha kikombe Kalamba. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Akasema kijana amefanya alivyolelewa, sasa nataka alelewe upya na nani? Heshima ni heshima. Nikamwambia heshima ya kumshusha mtu siitaki. Akasema sauti yangu inafika kwa majirani.

Mwende alisikia. Alikuja na macho mekundu. "Ukirudisha hiyo kikombe, watu watasema mkwe wako ni mwongo. Na Jumamosi ni ntheo. Unataka waje wachinje mbuzi kwa nyumba yenye wanaitwa waongo?"

Nilimwambia aende akaangalie ng'ombe. Ng'ombe hawakuwa na shida yoyote.

Nina haya. Binti yangu anaolewa na mimi nawaza askari wa mbao. Lakini sitanii ninapoandika hivi: kama ile sare ni zawadi, basi mimi ni yule yule wa pili, ila sasa na kikombe cha kunisuta.

Ijumaa, 22 Agosti

Sufuria za kanisa zimefika. Dada yangu Syombua amekuja na maneno yake yote. Muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, imelowekwa. Sijakirudisha kikombe. Sijaamua.

Nimepata wazo. Si zuri.

Jumamosi, 23 Agosti

Wamekuja asubuhi, magari mawili na mbuzi. Wazee wa Ikutha na wazee wetu waliketi sebuleni, wakaongea kwa mafumbo yao. Mbuzi walichinjwa. Mwende alivalishwa akatolewa nje, na nililia kidogo, kama mama yeyote. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, mahali petu. Mutua alikuwa sebuleni na wenzake. Sikumwona uso, yeye hakuniona.

Watu walipokwisha kula na wazee wakaanza kusinzia, nikapanga ubao kwenye sinia. Ule mchezo, kete kwa kete. Ila niligeuza. Mimi nikachukua upande wake, wenye askari wa ziada. Yeye nikamwachia upande wangu, kona na msiba wake. Nilimsukuma yule askari, hatua ile ile moja aliyoikwepa Kalamba. Nikafunika sinia kwa kitambaa, nikampa Syombua.

"Nimpelekee nini huyu? Amekula ameshiba."

"Mpelekee. Mwambie ni zamu yake."

Nilitaka alazimike kumlaza mfalme mbele ya sinia. Nilitaka ajue kuwa najua. Nathubutu kusema nilitaka aone haya, siku ya ntheo yake, na hilo halinipi sifa.

Syombua alikawia. Aliporudi alikuwa anacheka. "Huyu mtu wako ni kama amelewa na soda. Amekuwekea kitu bure."

Nikafunua. Ngome yake, ile moja tu aliyobaki nayo, ameileta karibu kabisa na mfalme wangu. Inamtisha, na haina mlinzi. Naweza kuila kama mtu anavyookota embe. Niliwaka. Hata hapa, nyumbani kwangu, ananipa tena! Nilishika mfalme wangu niile, nimalize upuuzi huu.

Mkono ukasimama. Sijui kwa nini. Labda ni mazoea ya kusahihisha mitihani, kusoma jibu tena kabla ya kuweka alama.

Nikila ile ngome, yeye hana tena cha kuchezesha. Askari wake wamegota. Mfalme wake yuko kwenye kona, hatishwi na chochote, lakini kila mraba wa jirani yake umefungwa. Mtu asiye na pa kukanyaga na hajatishwa, mchezo umeisha. Ni sare.

Basi sitaila. Nikamhamisha mfalme. Syombua akapeleka. Akarudisha. Ngome imenifuata, imekaa tena mlangoni pangu, tena bila mlinzi. Nikahama. Ikafuata. Nikajaribu upande wa pili wa ubao. Ikafuata. Askari wangu mzuri anangoja hatua moja awe malkia, na sipati hata nafasi ya kumgusa, kwa sababu kila zamu lazima nimtoroshe mfalme.

"Dada," Syombua akasema, "miguu yangu si magurudumu ya matatu. Mmoja wenu ashinde."

Hakuna wa kushinda. Niliketi kwenye kigoda katikati ya masufuria. Nilirudia njia zote, taratibu, kama ninavyowaambia wanafunzi. Zote zinaishia pale pale. Ile njia ilikuwa imefungwa kweli. Kalamba, angemsukuma yule askari, ningempa ngome, akiila ni sare, akikataa ni sare. Ndiyo maana alikuwa akirudisha ngome nyuma na mbele. Alikuwa anatafuta njia nyingine ya kunipiga na saa ikamla.

Nilimrudishia sinia bila kuchezesha. Nililaza wafalme wote wawili. Syombua aliniambia kwamba Mutua alitazama, akaitikia kwa kichwa kuelekea ukuta wa jikoni, akafunika sinia vizuri kwa kitambaa.

Jumapili, 24 Agosti

Sikwenda kanisani. Mgongo. Baba Mwende amekwenda na atanisalimia watu.

Nimekuwa na asubuhi nzima ya kufikiri. Hakunihurumia. Aliniogopa. Alikaa pale Kalamba ameshika kichwa kwa sababu aliamini kuwa mama aliye mbele yake anayo ile hatua mfukoni, anangoja tu.

Mimi sikuwa nayo. Ningemlaza mfalme nikaenda kunywa chai. Mimi si mtu wa kutoa. Mayai ya kuku wangu nayahesabu, chaki darasani naivunja vipande viwili. Wazo la kumpa mtu ngome bure halingenijia kichwani hata ningekaa pale mpaka waje kufagia. Amenipigania vita ambavyo mimi nilikuwa nimeshavikimbia.

Nimejaribu kukaa kimya juu ya jambo hili. Ni rahisi sana kukaa kimya. Kikombe kimerudi kabatini, Baba Mwende amenipa pole ya kazi ya jana, kila mtu ameridhika. Na Mutua ataendelea kunidhania hivyo maisha yangu yote, akishuka mtaroni.

Mwende ataondoka baadaye leo. Alikuwa anakausha sahani. Nikamwambia ana neno la kupeleka Ikutha. Akashusha pumzi, maskini, akadhani ni vita vingine.

"Mwambie ile hatua," nikasema, "mama yake hakuiona."

Sijawahi kujiita hivyo kwa Mutua. Mwende akatoka na simu, akasimama nyuma ya tangi. Sikusikia alichosema. Nilisikia tu kicheko cha mwanamume kikitoka kwenye ile simu, kirefu, na cha Mwende juu yake.

Aliporudi ndani hakuleta jibu, nami sikuliuliza. Tulimaliza sahani. Sufuria za kanisa zimeoshwa, nimezipanga karibu na mlango, kesho kijana wa mkokoteni atakuja kuzichukua.